Hisa Niliziuza, Saini Ikabaki

Barua ya benki ilinifikia miezi kumi na mmoja baada ya kuuza hisa zangu zote katika kampuni niliyoianzisha pamoja na rafiki yangu. Nilikuwa nimejiuzulu ukurugenzi, fomu ya kuhamisha hisa ilikuwa imesajiliwa, na jina langu lilikuwa limeondolewa katika daftari la wanahisa. Kwa hesabu yangu, mimi na kampuni ile tulikuwa tumemalizana. Barua ilisema vingine. Kampuni ilikuwa imeshindwa kulipa marejesho matatu mfululizo ya mkopo wake, na kwa kuwa mimi ni mdhamini, benki ilinitaka nilipe deni lote lililosalia ndani ya siku kumi na nne. Nilitafuta nakala yangu ya mkataba, nikaikuta nyuma ya kabati la mafaili, na katika ukurasa wa mwisho, chini ya muhuri wa kampuni, palikuwa na saini zangu mbili. Ya kwanza niliiweka kama mkurugenzi. Ya pili, mistari sita chini yake, niliiweka kama mimi.

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaambia watu wengi, tena kwa kujiamini kabisa, kwamba ukisajili kampuni yenye dhima yenye ukomo basi nyumba yako, gari lako na akiba yako viko salama. Baada ya barua ile nilikaa chini nikasoma kesi zenyewe, nikaachana na vipeperushi vya mawakala wa usajili, na nikagundua kwamba karibu kila nilichokiamini kilikuwa na ukweli ndani yake, ila sikujua ukweli huo unaanzia wapi na unaishia wapi.

Tuanze na jina lenyewe, maana linapotosha. Anayekingwa na ukomo huo si kampuni. Kampuni inadaiwa bila ukomo wowote: ikikopa italipa hadi senti ya mwisho iliyonayo, na senti zikiisha inafilisiwa. Wenye ukomo ni wanahisa, na ukomo wao ni kile walichoahidi kulipia hisa zao. Ukichukua hisa mia moja ukazilipia zote, umemaliza. Ukizilipia nusu tu, nusu iliyobaki ni deni lako kwa kampuni, na mfilisi akiingia atakudai, hata kama umeshasahau kwamba hukuwahi kulipa. Nimeona kampuni ambamo waanzilishi walijiandikia mtaji mkubwa wa hisa kwa sababu tarakimu ndefu hupendeza katika nyaraka za zabuni, bila kuweka benki hata kidogo. Walidhani wanajiandikia heshima, kumbe wanajiandikia deni.

Kinga hii haikuwapo tangu zamani. Katika ubia wa kawaida, mpaka leo, mdai anaweza kumfuata mbia mmoja tu na kumdai deni zima, akamwachia kazi ya kuwasaka wenzake. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya dhima yenye ukomo mwaka 1855 likataka kampuni iwe na wanachama wasiopungua 25. Mwaka uliofuata sheria nyingine ikaishusha idadi hiyo hadi 7. Ujerumani ilibuni mwaka 1892 umbo maalumu la kampuni kwa ajili ya biashara zisizouza hisa zake kwa umma, na nchi nyingi zikaliiga, Ufaransa ikiwamo mwaka 1925. Marekani ilikuja kwa njia yake. Jimbo la Wyoming lilitunga mwaka 1977 sheria ya kampuni ambazo Wamarekani huziita kwa kifupi LLC, kwa ushawishi wa kampuni ya mafuta iliyotaka kinga ya kampuni pamoja na kodi ya ubia, inayotozwa kwa wabia wenyewe bila kuutoza ubia, kisha kwa miaka 11 karibu majimbo yote mengine yakakaa yakingoja mamlaka ya kodi iseme neno. Iliposema mwaka 1988 kwamba kampuni ya aina hiyo itatozwa kodi kama ubia, yaliyobaki yakafuata mbiombio.

Mtu aliyeijaribu kinga hii hadi mwisho wake, bila kukusudia, alikuwa fundi viatu. Aron Salomon alitengeneza mabuti mashariki mwa London kwa miaka mingi akiwa mfanyabiashara binafsi, na mwaka 1892 akaigeuza biashara yake kuwa kampuni. Sheria ilitaka watu 7, naye alikuwa na familia ya kutosha: yeye, mkewe, binti yake na wana wao wanne. Wale sita kila mmoja alipewa hisa moja. Salomon alichukua 20,001. Sehemu ya bei ya biashara ile hakulipwa kwa hisa wala kwa fedha taslimu, bali kampuni ilimwandikia hati za deni za pauni 10,000 zilizowekewa dhamana ya mali za kampuni. Migomo ya wafanyakazi ikaja, mauzo yakadorora, na kampuni haikufikisha miaka miwili kabla ya kuangukia mikononi mwa mfilisi.

Wadai wasio na dhamana waliambulia patupu. Mfilisi akasema kile ambacho mtu yeyote wa kawaida angekisema: kampuni hii ni Salomon yuleyule aliyevaa kofia nyingine, basi na alipe. Jaji wa kwanza alikubali, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwa maneno makali zaidi. Majaji wa Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, wakakataa kwa kauli moja, katika hukumu ya Novemba 1896 ambayo vitabu vya sheria huitaja kwa mwaka 1897. Walisema sheria haiulizi wale wanachama sita wana hisa ngapi, wala kama wana habari na biashara yenyewe. Watu saba wametia saini, kampuni imesajiliwa, na kuanzia hapo kampuni ni mtu mwingine. Deni lake si deni la Salomon. Tena hati zile zenye dhamana zilikuwa na haki ya kulipwa kabla ya wadai wengine, ingawa zilitoka katika kampuni iliyokuwa yake karibu yote.

Watu huisimulia kesi hii kana kwamba Salomon alikuwa mjanja aliyewazidi wenzake akili. Mimi simwoni hivyo. Kampuni ilipoanza kuyumba alizikopea hati zake, na fedha alizopata akazirudisha ndani ya kampuni ili kuiokoa. Kufikia wakati wa rufaa yake ya mwisho alikuwa amefukarika kiasi cha kuruhusiwa kushitaki kama maskini asiyemudu gharama za mahakama. Alishinda kesi iliyobadilisha sheria ya kampuni katika nchi nyingi, akiwa hana kitu mfukoni.

Kampuni ni mtu mwingine: hilo ndilo jambo ambalo sikulielewa hadi nilipopata barua, na bado naona wengi tunalielewa upande mmoja tu, upande wa madeni. Upande wa pili ni mali. Kama madeni ya kampuni si yako, mali za kampuni pia si zako. Aliyejifunza hili kwa uchungu kuliko wote ni mwenye shamba mmoja wa Ireland ya Kaskazini aitwaye Macaura. Aliuza magogo yote yaliyokuwa katika shamba lake kwa kampuni, naye akalipwa kwa hisa 42,000, ambazo ndizo zilikuwa hisa zote. Magogo hayakusogea; yalibaki palepale shambani kwake. Akayakatia bima, ila kwa jina lake mwenyewe badala ya jina la kampuni. Moto ukaja ukateketeza karibu yote. Kampuni za bima zikakataa kulipa, na mwaka 1925 Baraza la Malodi likaziunga mkono: magogo yalikuwa ya kampuni, na mwanahisa, hata awe mmoja tu mwenye hisa zote, hana haki ya kisheria katika kitu chochote cha kampuni.

Nikiwa nasoma hukumu ile nilikwenda nikatazama kadi ya gari nililokuwa nikiliita gari langu. Lilikuwa la kampuni niliyokwisha kuiuza. Nilikuwa nimelirudisha, kwa bahati, lakini bima yake ya mwaka wa mwisho niliikata kwa jina langu.

Haki inadai kusema kwamba utengano huu wakati mwingine humsaidia mwenye kampuni mahali asipopatarajia. Huko New Zealand, rubani aliyekuwa akinyunyizia mashamba kwa ndege alianzisha kampuni mwaka 1954, akachukua hisa 2,999 kati ya 3,000, akawa mkurugenzi mtawala, na akajiajiri kuwa rubani mkuu. Ndege ilianguka mwaka 1956 akafa. Mjane wake alidai fidia ya mfanyakazi aliyefia kazini, na swali likawa kama mtu anaweza kuwa mwajiri wa nafsi yake. Baraza la Faragha jijini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kutoka New Zealand wakati huo, lilijibu kwamba hakuwa mwajiri wa nafsi yake: mwajiri alikuwa kampuni, na marehemu alikuwa mfanyakazi wake. Mjane akashinda.

Sasa nirudi kwenye saini yangu ya pili. Benki zinaijua kesi ya Salomon kuliko sisi, na kwa sababu zinajua kuwa ukuta upo, zinaomba mlango kabla ya kukopesha. Mlango huo huitwa dhamana binafsi. Kampuni changa isiyo na mali haipati mkopo bila mkurugenzi kuahidi kwamba kampuni ikishindwa atalipa yeye, na ahadi hiyo haihusiani kabisa na umiliki. Mimi nilidhani dhamana inafuata hisa kama mkia unavyomfuata mnyama. Nikiuza hisa, dhamana inakwenda na mnunuzi. Haiendi. Ni mkataba kati yangu na benki, na aliyenunua hisa hakuwamo. Ilikuwa pia dhamana endelevu, maana yake ni kwamba inafunika hata fedha ambazo kampuni ilizikopa baada ya mimi kuondoka, hadi nitoe taarifa ya maandishi ya kuisitisha. Tena maneno yalisema tunadhamini kwa pamoja na kila mmoja peke yake, kwa hiyo benki haikulazimika kugawa deni nusu kwa nusu kati yangu na mwenzangu; ilikuwa na hiari ya kunifuata mimi tu, na ikanifuata mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na kiwanja kilichosajiliwa kwa jina langu. Kwa wenye biashara ndogo naamini kinga hupotea hapa mara nyingi kuliko mahali pengine popote, wala jaji hahusiki. Tunaiondoa wenyewe kwa kalamu.

Kuna milango mingine, na miwili mitatu nitaipita haraka. Mtu akifanya kosa la madhara kwa mikono yake mwenyewe, kampuni haimfichi: dereva aliyemgonga mtu anawajibika hata kama gari ni la kampuni, na daktari aliyemjeruhi mgonjwa kwa uzembe anawajibika hata kama risiti ilitoka kwa kampuni yake. Kampuni inaweza kudaiwa pamoja naye, lakini haidaiwi badala yake. Kodi zilizokatwa katika mishahara ya wafanyakazi kisha zikatumika kulipia mambo mengine ni jambo ambalo sheria za nchi nyingi humrudishia mkurugenzi binafsi. Na ipo ile hali ya kampuni kuendelea kukopa ikiwa tayari iko taabani. Sheria ya ufilisi ya Uingereza ya mwaka 1986 inamruhusu mfilisi kumdai mkurugenzi mchango wa fedha zake ikiwa alijua, au alipaswa kujua, kwamba kampuni haina tumaini la kuepuka ufilisi, naye hakuchukua kila hatua ya kuwapunguzia wadai hasara. Maneno ya kuangaliwa hapo ni yale ya kupaswa kujua. Kusema hukutazama hesabu si utetezi.

Mlango unaozungumzwa kuliko yote, na unaofunguka kwa nadra kuliko yote, ni ule wa mahakama kuinua pazia la kampuni na kumtazama mtu aliye nyuma yake. Mfano ulio wazi ni wa mwaka 1962 nchini Uingereza: mtu aliyeitwa Lipman alikubali kuuza nyumba, akaghairi, na ili asilazimishwe kuuza akaihamishia nyumba kwenye kampuni aliyojipatia kwa kazi hiyo tu. Jaji alimwamuru yeye na kampuni yake waiuze. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliubana mlango huo zaidi ikisema, kwa ufupi, kwamba pazia huinuliwa pale ambapo mtu mwenye wajibu uliokwisha kuwapo anaiweka kampuni katikati kwa makusudi ya kuukwepa. Mahakama za Marekani huwa na mkono mwepesi kidogo, nazo hutazama mambo ambayo mhasibu yeyote angeyatazama: je, fedha za mwenye kampuni na za kampuni zimechanganywa, je, kampuni ilianzishwa ikiwa na mtaji wa maana, je, kuna kumbukumbu za mikutano, au ni jina tu lililobandikwa mlangoni?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nadhani hata kinga hupotea hivyo hivyo. Nilipopitia taarifa za benki za kampuni yetu ya zamani nilikuta, kati ya malipo ya wauzaji na mishahara, malipo ya kitanda cha mtoto. Kilikuwa cha mwanangu. Nakumbuka siku ile: kadi yangu ilikataa, ya kampuni ilikuwa kwenye pochi hiyo hiyo, na muuza duka alikuwa anasubiri. Nilijiambia nitairudishia kampuni fedha hizo mwisho wa mwezi. Sikuzirudisha, wala sikuziandika kama mkopo kwa mkurugenzi, wala kama sehemu ya gawio, yaani faida wanayogawiwa wanahisa. Katika vitabu vyetu zilikaa chini ya samani za ofisi. Malipo ya aina hiyo yakiwa moja hayavunji kampuni. Yakiwa hamsini, wakili wa mdai atayasoma mahakamani moja baada ya jingine, na huo ndio wakati utakapotakiwa kueleza kwa nini unataka wengine waamini kwamba kampuni ni mtu mwingine wakati wewe mwenyewe hukuamini.

Kuhusu umiliki nilikuwa mjinga kwa namna tofauti: nilidhani ni suala la nani anapata kiasi gani cha faida. Hisa hubeba haki tatu ambazo zinaweza kutenganishwa: haki ya kupata gawio likitangazwa, haki ya kupiga kura, na haki ya kupata kinachobaki kampuni ikifungwa na wadai wakalipwa. Kampuni inaweza kutoa hisa za aina mbalimbali, nyingine zenye gawio la uhakika bila kura, nyingine zenye kura kumi kwa hisa. Kwa hiyo asilimia peke yake haikuambii mengi mpaka usome katiba ya kampuni. Katika nchi zinazofuata mkondo wa sheria ya Uingereza, azimio la kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya kura, nalo linatosha kumwondoa mkurugenzi. Azimio maalumu, kama la kubadili katiba, linahitaji robo tatu. Maana yake ni kwamba mwenye hisa 51 kati ya mia anaendesha kampuni, mwenye 26 anaweza kuzuia mabadiliko makubwa, na mwenye 24, asipokuwa na mkataba wa wanahisa unaomlinda, anaishi kwa hisani ya wenzake.

Hilo la kuishi kwa hisani lina kisa chake. Wauza mazulia wawili wa London, Ebrahimi na Nazar, walikuwa wabia sawa kwa sawa, na mwaka 1958 wakaugeuza ubia wao kuwa kampuni, kila mmoja na hisa 500. Muda si mrefu mtoto wa Nazar akaingia katika biashara, na kila mmoja wa wale wawili akampa kijana hisa 100. Ukitazama kwa jicho la upendo hilo ni jambo jema: mzee anampisha kijana, na rafiki wa mzee anachangia. Ukitazama kwa jicho la hesabu, siku ile Ebrahimi alibaki na asilimia 40, na baba na mwana wakawa na 60. Kampuni haikuwa na desturi ya kutoa gawio. Faida yote ililipwa kama mishahara ya wakurugenzi. Mwaka 1969 baba na mwana walipiga kura wakamwondoa Ebrahimi katika ukurugenzi, na kura yao ilikuwa halali kabisa. Akabaki na hisa 400 zisizomletea chochote, katika kampuni ambayo hakuna mtu wa nje angezinunua. Baraza la Malodi lilimwokoa mwaka 1972 kwa kuamuru kampuni ifungwe kwa sababu za haki na insafu, likisema kwamba nyuma ya kampuni ndogo kama ile kuna watu wenye matarajio na maafikiano kati yao ambayo fomu za usajili hazikuyaandika. Ni dawa, lakini ni dawa inayomuua mgonjwa. Kifungu kimoja katika mkataba wa wanahisa, kinachosema kila mmoja wa waanzilishi atakuwa mkurugenzi muda wote atakaokuwa na hisa, kingetosha.

Kampuni yetu mimi na rafiki yangu ilikuwa na ugonjwa ulio kinyume cha huo. Tuligawana hamsini kwa hamsini kwa sababu ilionekana kuwa ndiyo adabu. Nani angethubutu kudai 51 mbele ya rafiki? Tulipotofautiana kuhusu kukodi ghala la pili, kila azimio lilipata kura moja ya ndiyo na moja ya hapana, na katiba tuliyoinakili kutoka katika kiolezo haikumpa mwenyekiti kura ya kuamua pale kura zinapolingana. Kwa miezi mitano kampuni haikuweza kuamua jambo lolote kubwa. Hatimaye niliuza hisa zangu kwake kwa bei aliyoitaja yeye, kwa kuwa hapakuwa na kifungu chochote kinachosema hisa zitathaminiwa vipi wala na nani. Sina kinyongo naye. Ningekuwa upande wake ningetaja bei hiyo hiyo.

Katika LLC za Marekani mambo mengi ya namna hii huachiwa mkataba wa uendeshaji, ambao huamua kama wanachama wataendesha kampuni wenyewe au wataajiri meneja, na kama faida itagawanywa kwa uwiano mwingine tofauti na mitaji yao. Kuna kinga nyingine hapo ambayo hugeuza mwelekeo: deni binafsi la mwanachama linazuiwa lisiingie ndani ya kampuni. Mtu anayemdai mwanachama hupewa na mahakama haki ya kupokea migao ambayo angelipwa mwanachama huyo, lakini hawezi kukaa katika kiti chake wala kunyakua mali za kampuni, kwa sababu wanachama wengine hawakuchagua kufanya biashara na mdai wake. Mantiki hiyo hulegea pale mwanachama anapokuwa mmoja tu, na mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Florida ilikubali kwamba mwenye LLC ya mtu mmoja anaweza kuamriwa kukabidhi haki zake zote ili deni lake lilipwe. Hapakuwa na mwanachama mwingine wa kulindwa.

Wapo pia wanaoupanga umiliki kwa ghorofa: kampuni mama juu, kampuni tanzu chini, jengo katika moja, biashara yenye hatari katika nyingine. Mpangilio huo ni halali, lakini huacha swali la watu walioumizwa. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufani ya New York ilisikiliza kesi ya mtu aliyegongwa na teksi; mwenye teksi hizo alikuwa na kampuni kumi, kila moja ikiwa na magari mawili tu na bima ya kiwango cha chini kabisa kilichotakiwa na sheria, dola 10,000. Majaji wengi walikataa kuinua pazia kwa madai jinsi yalivyokuwa yameandikwa, wakisema kama bima ni ndogo basi bunge ndilo la kuiongeza. Nimeisoma hukumu hiyo mara tatu, na kila mara naelewa hoja yake na kila mara moyo wangu unabaki kwa aliyegongwa. Kinga yetu siku zote inalipiwa na mtu fulani. Benki inaweza kuikataa kwa kudai dhamana. Mtembea kwa miguu hakuulizwa.

Mimi na benki tulifikia makubaliano baada ya wiki saba. Nililipa sehemu, mwenzangu akauza gari la kampuni akalipa sehemu nyingine, na nikapewa barua ya mistari minne ya kunifungua dhamana, ambayo naitunza katika faili moja na fomu ya kuhamisha hisa.

Mwaka huu nimeanzisha kampuni nyingine na dada mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja. Ana 55, nina 45. Tulitumia jioni nne kuandika mkataba wa wanahisa: nani hawezi kuondolewa katika ukurugenzi, mambo gani yanahitaji ridhaa ya wote wawili, hisa zitathaminiwa na mkaguzi yupi wa nje endapo mmoja atataka kuondoka, na kwamba anayenunua hisa za mwenzake hatakamilisha ununuzi mpaka benki itoe kwa maandishi barua ya kumfungua muuzaji dhamana zake. Kifungu hicho cha mwisho kilimshangaza, akaniuliza kwa nini kina maneno mengi kuliko vingine vyote. Nikamtolea lile faili.